Dini ya Baba Katika Daftari la Kijiji

Tulipohamishiwa kijijini Runazi wakati wa Operesheni ya kukusanya watu vijijini, nyumba zilipangwa mistari miwili kando ya barabara, na baba akakiacha kule porini kijumba cha nyasi ambamo alizoea kuongea na wazee wake waliokufa. Alikuwa Msukuma aliyehamia Biharamulo na ng'ombe wake. Kanisani hakwenda, msikitini hakwenda. Waliokwenda hakuwacheka, na mimi aliniacha nibatizwe misheni bila neno.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa, Katibu wa kijiji alinipa daftari la wakazi nilijaze. Palikuwa na safu ya dini. Nilipofika kwenye jina la baba, kalamu ilisita. Niliona aibu, nasema kweli. Wenzangu waliwaita watu kama yeye washenzi, nami nilikuwa na viatu vipya na majivuno ya kutosha kijiji kizima. Nikaandika: Mkristo. Sikumwambia.

Kisha vita ikaja. Kaka yangu akaitwa pamoja na mgambo wenzake. Lori lingewachukua Jumamosi asubuhi. Kwetu kijana haendi safari ya namna hiyo kabla baba yake hajasimama mbele ya kijumba cha wazee, akawatajia jina lake, akampulizia kifuani maji ya unga wa ulezi. Lakini pale kijijini vibanda vya mizimu vilikuwa marufuku bila ruhusa ya ofisi. Baba akaniomba tufuatane ofisini.

"Shikamoo mzee," Katibu alisema.

"Marahaba. Ndugu Katibu, selikali imesema kila mtu aabudu anavyoamini. Naomba kijumba kimoja tu, nyuma ya nyumba, mwanangu aende na baraka."

Katibu hakuwa mtu mbaya. "Ni kweli, mzee. Sheria haimwingilii mtu dini yake." Akafungua daftari, akapitisha kidole. "Lakini wewe ni Mkristo. Padri yupo, mpelekee kijana. Mizimu ya nini tena?"

Baba hakujua kusoma, ila alijua nani aliyeandika. Alinitazama. Neno langu moja lingetosha. Kwa kuogopea kibarua changu, nikatazama chini.

"Basi, sawa," akasema.

Jumamosi kaka alipanda lori akiwa amepewa mkono tu. Vita ikaisha, wenzake wakarudi. Yeye hakurudi.

Baada ya matanga baba alianza mafundisho ya ubatizo, mzee mzima mwenye mvi, kwenye benchi moja na watoto. Nilimfuata nikilia, nikamwambia halazimiki, nitakwenda kwa Katibu nikaifute ile dini.

"Usifute," alisema. "Watasema umeidanganya selikali, wakufunge. Nimebaki na wewe tu."