Niliomba Jumanne, nikapewa Alhamisi: Idi ya mama yangu hapa Texas

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo niko off, nimeshakunywa chai vikombe viwili, nikaona bora niwape kisa hiki kabla sijaanza kukisahau. Sijaongeza chumvi. Anayechekwa humu ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina faida ya kudanganya.

Ni miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa naishi Euless, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Dallas, naendesha forklift kwenye ghala moja la mizigo.

Mwaka huo mama yangu alikuja kutoka Tanga kunitembelea kwa miezi sita.

Siku ya tatu tu akapabatiza hapa "jangwani". Nikamwambia mama, jangwa lenyewe liko huko magharibi, mwendo wa siku nzima kwa gari, hapa sisi tuna majani. Akachungulia dirishani. Majani yamekauka, parking imejaa magari, hakuna binadamu anayetembea kwa miguu.

"Mahali unamaliza siku nzima hujamwambia mtu hujambo, hilo ni jangwa tu, hata mkipanda bustani."

Mama yangu hashindwi kwa maneno.

Nikirudi kutoka kazini jioni nakuta taarifa ya habari inanisubiri. Nilikuwa namnunulia kadi za simu za kukwangua, basi anapiga Tanga kutwa. Nani kaoa, nani kaachwa, mbuzi wa nani kala mboga za nani. Wakuu, niliijua Tanga wakati ule kuliko nilipokuwa naishi Tanga!

Ila kilichomleta hasa hakikuwa mimi. Mdogo wake, mama mdogo Zuhura, alikuwa Houston na familia yake, na hawakuwa wameonana miaka kumi na minne. Mama alikuwa ameweka nadhiri kwamba Idi ile wataila sahani moja. Hataki wiki kabla, hataki wiki baada. Idi yenyewe.

Sasa tatizo likawa kazi.

Ramadhani iliishia wiki ile ile ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru inayoangukia Alhamisi, na wanaofanya kazi za mizigo mnajua wiki hiyo ilivyo. Likizo hakuna. Halafu mimi nilikuwa na barua mbili za onyo kwa kuchelewa, ya tatu ni kwenda nyumbani moja kwa moja. Nikamfuata supervisor, akanijibu bila hata kuinua kichwa: tafuta mtu wa kushika shift yako, mkubaliane wenyewe, mimi nataka nikute mtu juu ya forklift.

Nikamfuata Papa Esperance.

Huyu alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu wa kanisa, mpole, ana binti anaitwa Esperance, na kwao "papa" ni baba, ndiyo maana ya hilo jina. Mama yangu aliposikia namtaja alishtuka, "Papa? Samaki?" Kwetu papa ni yule wa kuchemsha na nazi, wakuu, muelewe.

Hapa nikiri kosa langu mapema. Nilikuwa na tabia ya kumsahihisha Kiswahili chake. Akisema "niko natumika", mimi "unafanya kazi, ndugu yangu, unafanya kazi." Akisema "asubuyi", mimi "asubuhi." Mtoto wa Tanga bwana, nilijiona nimezaliwa na kamusi mdomoni. Yeye anacheka tu.

Kazini siku zote tulitaja siku kwa Kizungu, Tuesday, Thursday, hakuna utata. Ijumaa ile, kwa kujisikia kwangu, nikamwambia kwa Kiswahili fasaha: "Papa Esperance, naomba unishikie shift Jumanne, ni sikukuu yetu, nampeleka mama kwa ndugu yake."

Akatazama chini, kisha akasema, "Sawa, Tanga. Nitatumika pa nafasi yako."

Sikumsahihisha. Nilikuwa na furaha mno.

Jumatatu jioni mama akatoka nje kutafuta mwezi. Msikiti wetu ulishatangaza Jumanne kwa hesabu tangu wiki iliyopita, lakini yeye hakutaka kusikia. "Msikiti unaotangaza kabla ya mwezi ni msikiti au ofisi ya hali ya hewa?" Kasimama parking na kanga zake, majirani wanachungulia. Mimi nami nimekodoa macho juu, maana asipouona hatusafiri, na shift nishaigawa.

Akauona. Mwembamba kama ukucha, juu ya paa la jengo la kufulia nguo. Alipiga kigelegele mpaka mbwa wakabweka. Kisha akapiga Tanga kuwaamsha kwamba yeye kesho ni Idi, wao waendelee kufunga!

Asubuhi tukasali, saa tatu tukashika barabara ya Houston. Mama kavaa vizuri, mapajani kashika sufuria ya mkate wa sinia kama kashika mtoto. Njia nzima anamhadithia Zuhura, walivyogombana utotoni kwa sababu ya kitana.

Saa nne na dakika ishirini, tumeshapita Ennis, simu ikalia.

Supervisor. Uko wapi? Forklift yako haina mtu.

Nikaingia kituo cha mafuta. Akasema ana mizigo inasubiri, ananipa nusu saa, mtu asipotokea nisijisumbue kurudi tena.

Kurudi Euless ni saa nzima. Mama akanitazama. Akaanza kuifunga sufuria upya na kitambaa, taratibu, kama mtu anayejiandaa kurudi nyumbani. Hapo ndipo niliumia.

Nikampigia Papa Esperance. Akapokea na sauti ya usingizi.

"Tanga! Iko nini? Sikukuu si ni kesho kutwa?"

"Kesho kutwa ya wapi? Nilikwambia Jumanne!"

"Ndiyo. Ine. Siku ya kwanza lundi, siku ya pili mardi, ya tatu mercredi, siku ya ine jeudi. Weye mwenyewe ulisema ine!"

Nikahesabu kwa vidole pale kituoni. Kwao Bukavu siku ya nne ni Alhamisi. Mtu alikuwa sahihi kabisa kwa hesabu zake.

Nikaanza kumweleza, akanikata. "Usirudi. Endesha gari. Niko navaa viatu. Mama aone ndugu yake."

Alikuwa anakaa karibu na ghala. Dakika ishirini na mbili baadaye supervisor akapiga: mtu kafika, ila mwambie avae soksi zinazofanana. Nikacheka mpaka machozi yakatoka. Mama naye akacheka bila kujua tunacheka nini.

Tulipoingia tena barabarani nikamweleza ule mkanganyiko wa siku. Mama akasema:

"Sisi tunaanza kuhesabu tukitoka Ijumaa, wao wanaanza wakitoka Jumapili. Kila mtu anahesabu kuanzia alipotoka kusali. Sasa kosa lake liko wapi?"

Saa nane kasoro tukafika Houston. Mama mdogo alikuwa amesimama nje. Nilidhani watalia. Wapi! Neno la kwanza la mama baada ya miaka kumi na minne: "Zuhura, umenenepa." Naye Zuhura akajibu: "Na wewe umechelewa." Ndipo wakashikana, na hawakuachiana mpaka pilau likapoa.

Sasa wakuu, kitu kilichonifanya niandike uzi huu sicho hicho.

Usiku nikiwa nimelala kwenye zulia la mama mdogo, ikanijia. Alhamisi aliyoielewa Papa Esperance ndiyo ilikuwa Thanksgiving yenyewe. Alhamisi hiyo yeye alikuwa off. Kanisa lao lilikuwa na sherehe, na Esperance alikuwa anaimba kwaya kwa mara ya kwanza. Alishanihadithia mwezi mzima. Ndiyo maana alitazama chini.

Na bado alisema sawa, Tanga.

Nilipomuuliza baadaye, akasema alidhani sikukuu zimeangukia siku moja, na mama yangu ametoka mbali, Esperance ataimba tena mwakani. Mwezi wa nane alikuwa ameniomba nimshikie masaa mawili tu ampeleke huyo huyo mtoto shule. Nilimwambia nitaangalia. Sikuangalia.

Niliona aibu, wakuu, na mpaka leo naiona. Alhamisi ile alimsikia binti yake akiimba, na mimi nilikuwa juu ya forklift yangu kama kawaida. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Somo nililopata: mkipanga siku na mtu wa nchi nyingine, andikeni tarehe kwa namba. Na kabla hujamsahihisha mtu Kiswahili chake, jiulize yeye akikuomba kitu huwa unamjibuje.

Karibuni. Nani mwingine ameshaingizwa mjini na Kiswahili cha jirani? Na kuna mtu aliwahi kukupa siku yake kubwa bila kukwambia? Mtajeni hapa.