Lango Lisilo na Uzio

Jua halijavuka mapaa ya soko la maziwa mjini Garissa, na Yurub Adow ameshachutama mbele ya jiko lake. Anachagua vijiti vinavyofuka, anavitia ndani ya mkebe wa alumini, anafunika, kisha anautikisa taratibu mpaka moshi upenye pembeni mwa kifuniko. Akimaliza humwaga makaa, hupangusa kwa kitambaa kikavu na kuingiza pua ndani.

Midomo yake inacheza. Anayeketi mbali atadhani anasoma dua. Abshiro, anayeuza maziwa ya ngamia kwenye meza ya pili, anajua si dua.

"Abaay," anamwambia, kwa neno ambalo wanawake wa huku huitana nalo kama dada, "huyo mzungu wako bado yuko njiani tu? Tangu juzi hajafika kwenye lango?"

Yurub anatabasamu bila kuinua macho. Anavuta mkebe mwingine.

Ana umri wa miaka ishirini na miwili, na kazi yake ni kufukiza vyombo kabla maziwa kutoka Balambala hayajafika. Hulipwa shilingi ishirini kwa mkebe. Maziwa yaliyotiwa katika chombo kilichofukizwa hayachachi upesi, na wateja wengine hawanunui wasipousikia moshi ule kwenye ulimi.

Mzungu anayetaniwa naye ni mtu wa katika shairi. Liliandikwa Marekani zaidi ya miaka mia iliyopita, na halina vina wala mizani. Mwalimu Roda alilileta katika darasa la jioni la wanawake, ambako Yurub anajaribu kumalizia masomo aliyoyaacha.

Aliyaacha akiwa darasa la sita. Ukame ulikuwa umewamaliza ng'ombe wa baba yake, na familia ikahamia mjini. Sasa anataka kuingia kundi la sekondari litakaloanza Januari. Anayetaka kuingia sharti asimame mbele ya wenzake na kueleza shairi kwa maneno yake mwenyewe.

Kusimama ndiko kulikomshinda. Mara mbili alisimama, mara mbili akaketi bila kutoa neno. Nyumbani nako mambo yalikuwa yamekazwa. Mjomba wake Keinan, mwenye duka Dadaab, alikubali asome kwa sharti moja: asipopanda kundi mwaka huu, ataondoka kwenda kukaa dukani. Mjomba si mtu mbaya. Anahitaji mtu wa kuaminika, na kwake mwanafunzi asiyefungua mdomo ni mfanyakazi anayepotezwa bure.

Shairi lenyewe halina mengi. Mtu anarudi kutoka vitani kwa miguu. Anakatiza mbuga, na katikati ya mbuga anakuta lango limesimama peke yake. Uzio haupo, nyumba haipo. Angeweza kulizunguka. Lakini analifungua, anapita, kisha anageuka na kulifunga. Shairi linaishia hapo.

Siku liliposomwa mara ya kwanza, Yurub aliuliza swali moja, kwa sauti ya chini. Aliuliza shairi hilo linashika herufi gani.

Darasa lilicheka, ingawa si kwa ubaya, kwa kuwa wengi walikuwa wakijiuliza jambo hilohilo. Katika mashairi ya Kisomali mtunzi huchagua herufi moja, na kila mstari sharti uwe na neno linaloanza nayo hadi mwisho. Shairi lisiloshika herufi ni mazungumzo tu. Yurub alipoambiwa hili halishiki yoyote, alisema basi ni barua.

"Nilidhani mwalimu ameniletea barua ya mtu," anasema sasa. "Nikaona aibu kusikiliza."

Mwalimu Roda hakumkemea. Alipofika kwenye maana iliyofichika, alitumia mfano wa sokoni. Aliwauliza kama mtu akinywa maziwa ya mkebe wa Yurub anauona moshi. Hapana. Anajua kwamba umepita? Ndiyo. Basi, akasema, hilo lango nalo lina kitu kilichopita ndani yake. Kitafuteni.

Wanawake walikitafuta. Hani, ambaye amewahi kufanya kazi ya usafi katika ofisi za mashirika Dadaab, alisema lango ni uhuru, kwa sababu mtu ametoka vitani. Mwingine akasema ni bahati. Mwalimu mwenyewe alisema yeye huona kifo.

Yurub alilichukua shairi nyumbani, akaligeuza kuwa Kisomali na kumsomea baba yake, mzee Adow, aliyekuwa amelala mkekani. Mzee aliuliza kama kila mtu wa kwao angeuliza: nani katunga, alimtumia nani, na nani alimjibu kwa shairi lake. Yurub hakujua nani alilijibu. Mzee akauliza tena.

"Alilifunga?"

"Alilifunga, aabo."

"Basi alikuwa na mifugo."

Hapo Yurub alikumbuka Balambala, walikoishi kabla ya kuhamia mjini. Ng'ombe wa mwisho alipokufa, baba yake hakuacha kazi ya jioni. Kila magharibi aliburuta tawi la miiba na kuufunga mdomo wa zizi tupu. Majirani walimwita mlinzi wa upepo. Watoto walimfuata nyuma wakihesabu ng'ombe wasiokuwepo. Yeye hakuwajibu, aliburuta tawi lake tu.

Alhamisi iliyofuata Yurub alisimama kwa mara ya tatu. Vidole vilikuwa vyeusi kwa masizi, akavificha ndani ya buibui. Wenzake wanasema alinyamaza muda mrefu, hata Hani akaanza kukusanya vitabu vyake. Kisha akasema, macho yakiwa sakafuni:

"Nyote mmesema kufungua. Kufungua ni rahisi, hata mpita njia anafungua. Huyu amefunga. Anayefunga ni mwenyewe."

Akawasimulia habari za zizi, na jina ambalo baba yake alipewa. Hakuna aliyecheka.

Hani alimsahihisha kidogo. Alisema malango ya kule Marekani ni ya mbao na bawaba za chuma, si matawi ya miiba kama ya kwao. Yurub alikiri kwamba hilo hakulijua, na kichwani mwake mtu yule alikuwa akiburuta miiba siku zote.

"Lakini mkono ni uleule," alisema, akaketi.

Mwalimu Roda anasema mpaka leo hawakubaliani. "Mimi bado naona kifo. Yeye anaona mtu anayekataa kusema kwamba mali yake imekwisha. Sikumpa nafasi ya sekondari kwa sababu alinishinda. Nilimpa kwa sababu alisimama na akawa na la kusema."

Habari ilifika Dadaab. Mjomba Keinan alipiga simu, akalalamika kidogo, akauliza shairi lilihusu nini. Alipoambiwa ni lango katikati ya mbuga, alisema watu wa Marekani wana nafasi nyingi. Kisha akasema atamchukua Kadar, binamu yake Yurub, akae dukani badala yake.

Yurub anangoja Januari. Anataka kufika kidato cha nne, hata kama itamchukua miaka mingi, na baadaye awafundishe wanawake wa sokoni kusoma. Lakini kuna jambo analotaka kulimaliza kwanza. Mzee Adow haachi kuuliza kama yule mtu ameshajibiwa. Shairi lililotumwa likakosa jibu linamkera, hata kama mtunzi amekufa zamani.

Kwa hiyo Yurub anatunga jibu, na hilo ndilo linalochezesha midomo yake kila asubuhi. Baba yake amemchagulia herufi, alifu, ile ambayo kila mtoto huanza nayo. Mistari mitatu iko tayari.

Abshiro anataka kujua kama jibu litamweleza mzungu maana ya lango lake. Yurub anafunika mkebe wa mwisho na kukikandamiza kifuniko kwa kiganja.

"Lango analijua," anasema. "Mimi nitamuuliza majina ya ng'ombe wake."