Kupima Umeme wa Chumba cha Baridi

Kazi yangu ni kupima umeme wa majengo ya watu. Simaanishi kusoma mita ya luku ukutani, hiyo hata mpangaji anaiweza. Mimi naingia na vifaa vyangu, nabana waya mmoja baada ya mwingine, nakaa hapo wiki nzima, kisha natoa alama inayosema kama jengo linatumia umeme wake kwa akili au kwa fujo. Nimepima hoteli, mashine za kukoboa mpunga, ofisi za benki, na kanisa moja ambalo feni zake zilivipepea viti vitupu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nawaambia mimi ni fundi umeme, na papo hapo wananiletea pasi mbovu.

Naishi Mlabani, humu humu Ifakara. Kwa hiyo kampuni moja ya kutunza taarifa iliponiita nikapime kituo chake cha Ifakara, nilikwenda kwa miguu, begi begani. Kampuni hiyo inahifadhi kumbukumbu za watu wengine kwenye kompyuta zake kubwa: vyama vya wakulima wa mpunga, shule, maduka ya pembejeo. Ina vituo mikoa kadhaa, na kila kituo kina chumba cha kompyuta ambazo hazizimwi. Kwa sababu hazizimwi zinatoa joto, na kwa sababu zinatoa joto zinawekewa viyoyozi. Ukikaa ukafikiri sana utaona ni chumba kinacholipia umeme wa kupasha moto na umeme wa kupoza kwa wakati mmoja. Nakushauri usifikiri sana.

Makao makuu Dar es Salaam yalikuwa yameamua vituo vyote vipimwe na kupangwa kwa nafasi, kama wanafunzi wa darasa la nne. Kituo cha mwisho, chumba chake kitafungwa na kompyuta zitahamishiwa Dar. Kituo cha kwanza kitapewa zawadi. Zawadi yenyewe haikutajwa, na sikusikia mtu aliyeuliza.

Meneja wa kituo alinipokea mlangoni akiwa amefunga tai. Alikuwa mtu mwema, mnene kiasi, mwenye sauti ya kusomea somo la kwanza kanisani, na nadhani kweli alikuwa akilisoma.

"Karibu mtaalamu. Jisikie uko nyumbani."

Kwetu mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Kwa kawaida hupewa soda baridi. Meneja alikuwa amefikiri zaidi ya soda: kwa heshima yangu, viyoyozi vyote viwili vya chumba cha kompyuta vilikuwa vimeshushwa tangu asubuhi hadi namba ya chini kabisa. Nilikuwa nimevaa gauni la mikono mifupi, kwa sababu nje kulikuwa ni Ifakara na joto lake. Sikumaliza hata kufungua begi kabla meno hayajaanza kugongana.

Aliyeniokoa ni mtunza chumba, mwanamke wa rika langu, mrefu, asiyechekacheka ovyo. Alivua sweta lake akanipa, akaendelea na kazi. Nilimpenda pale pale.

Saa ya chai tulikaa naye kwenye korido, tukapasha mikono kwa vikombe, na ndipo aliponiuliza.

"Dada, hiyo alama yako inatoka lini?"

"Nikimaliza wiki. Kwa nini?"

"Tukiwa wa mwisho mashine zinaenda Dar. Na mimi nazifuata, au nabaki bila kazi."

Kisha akanieleza habari za mama yake kwa sauti ileile aliyotumia kunionesha swichi kuu. Mama yuko Mchombe, amepooza upande mmoja. Watoto wengine wamefariki, amebaki yeye. Siku za kazi kuna jirani anayemlisha, lakini mama hufunga mdomo, hunywa uji kidogo wa kumridhisha jirani, basi. Ijumaa jioni mtunza chumba anapanda gari la kwenda Mlimba, anashuka Mchombe, na mama anakula. Anakula Jumamosi, anakula Jumapili, na kwa chakula hicho anaivuka wiki. Kuhamia mjini kwa binti yake amekataa. Amesema atakufa mahali anapojua mlango ulipo.

"Sasa Dar itakuwaje?" nikauliza, swali la kijinga.

"Dar siwezi kurudi kila Ijumaa," akasema, akainuka kukagua nyaya.

Niliogopa, nasema kweli. Majengo niliyowahi kupima yalikuwa na taa, feni na mabosi. Hakuna hata moja lililokuwa na mama wa mtu ndani yake.

Baada ya siku mbili nilifungua vifaa nione vinasemaje. Alama mbaya nimeziona nyingi, lakini ile ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Umeme karibu wote wa chumba ulikuwa unaliwa na viyoyozi; kompyuta zenyewe zilikuwa zinaonja tu. Nilidhani nimebana waya usio wenyewe. Nikaufuata kwa mkono hadi kwenye makabati ya kompyuta, na hapo nikaona kwamba zaidi ya nusu yake yalikuwa giza, hayana hata taa moja inayopepesa.

"Hizi zimekufa?"

"Hapana," akasema mtunza chumba. "Meneja ameagiza tuzizime mpaka uondoke."

Meneja alikuja akiwa na tabasamu la mtu anayesubiri kupongezwa. "Mtaalamu, wewe umekuja kupima matumizi. Sisi tumepunguza matumizi. Hata vyama vya wakulima wanapiga simu hawazioni kumbukumbu zao, tumewaambia wavumilie, kuna ugeni."

"Na viyoyozi?"

"Viyoyozi ni vya kwako, mgeni wetu."

Mimi subira sikujaliwa. Nilisikia sauti yangu inapanda, na mlinzi akachungulia dirishani kuona nani anagombana na bosi wake.

"Meneja, wewe unalima?"

"Nina shamba kidogo Mofu. La mpunga."

"Ukipeleka gunia la mpunga mashineni, ukirudi nyumbani unaulizwa nini?"

"Umetoka mchele kiasi gani."

"Na pumba?"

"Nani ataulizia pumba?"

"Haya. Hapa kompyuta ndizo mchele. Viyoyozi, taa, na mengine yote ni pumba. Mimi sipimi gunia lako lina uzito gani. Nalifungua gunia naangalia ndani yake mchele ni kiasi gani."

Aliyeelewa kwanza ni mtunza chumba, na alielewa kwa uso mzima.

"Kwa hiyo tumemwaga mchele," akasema polepole, "tukamletea mpimaji pumba."

"Na pumba mmezishindilia vizuri."

Meneja aliketi. Alilegeza tai. "Yaani nikizima naonekana mfujaji, nikiwasha naonekana nabana matumizi?"

"Kwa kipimo hiki, ndiyo."

"Kimetungwa na nani?"

"Watu wa mbali."

"Nilijua," akasema, na nadhani hiyo ilimliwaza kidogo.

Kanuni za kazi yetu zinataka chumba kipimwe kikiwa katika hali yake ya kila siku. Zile siku mbili zilikuwa za ugeni, kwa hiyo nikazifuta, nikawaambia wawashe kila kinachowashwaga, na nitaanza upya. Kompyuta ziliamka moja moja zikinguruma. Simu za vyama vya wakulima zikakoma. Mimi nikaendelea kufuata nyaya, maana nilikuwa nimeshajua niko na watu wa namna gani, na waya mmoja ukanitoa nje ya chumba, ukapenya ukuta, ukafika mwisho wa korido kwenye friza kubwa lililofunikwa kitambaa cha maua. Ndani mlikuwa na kambale na perege wa Mofu. Mke wa meneja alikuwa muuza samaki.

Sasa, kwa hesabu zetu, chochote kinachokula umeme kwenye laini ile bila kuwa kompyuta kinahesabiwa kuwa kinaihudumia kompyuta. Kwa hiyo kwa muda ambao hakuna aliyeujua, wale kambale walikuwa sehemu halali ya mfumo wa kupoza taarifa za wakulima. Nilimweleza meneja hivyo bila kucheka. Akasema friza ni kitu kidogo. Nikasema si kidogo. Akasema hali ya kila siku ya chumba ni pamoja na friza, na hapo, nakiri, kanuni zilikuwa upande wake.

Mtunza chumba alimgeukia meneja. Alimtazama tu. Meneja naye alijua habari za Mchombe, wote ofisini walizijua. Alasiri hiyo friza lilibebwa na watu wanne kwenda nyumbani kwake, na mkewe hajanisalimia tena hadi leo.

Siku zilizofuata mtunza chumba alifanya kazi kama mtu anayezibua mtaro huku mvua inakuja. Aliniuliza vyumba vingine vinafanyaje, nikamwambia, maana marekebisho ya kudumu kanuni hazikatazi, na kesho yake nakuta limefanyika. Aliziba mianya yote ya dari iliyokuwa inapitisha joto la mabati. Alitundika mapazia ya nailoni kati ya makabati, ili baridi ipite mbele ya mashine na joto litokee nyuma, visichanganyike. Vipimajoto akavitundika kila kona, akapandisha viyoyozi polepole hadi pale mashine zinaporidhika, bila kuwafikiria wageni. Nilimrudishia sweta lake. Hata yeye hakulivaa.

Wiki ilipokwisha nikajumlisha. Umeme wa kituo, ukilinganisha na zile siku mbili za giza, ulikuwa umeongezeka. Luku ilikuwa inakwenda mbio kuliko walipokuwa wamezima. Alama ilikuwa nzuri ajabu. Kwa mtu wa kawaida jambo hilo lina kasoro mahali fulani, lakini mimi nimelisomea.

Nafasi zilitangazwa mwishoni mwa mwezi, katika mkutano wa simu wa vituo vyote, na mimi niliitwa nisikilize. Ifakara ilikuwa ya kwanza. Meneja alirusha mikono juu akaipiga kofi feni ya dari. Aliagiza soda za korido nzima, pamoja na za watu wa duka la chini ambao hawakujua wanashangilia nini. Mtunza chumba alijifunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani analia. Alipoviondoa alikuwa anacheka, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopata cheti. Nikapita sokoni nikanunua kuku.

Zawadi ilikuja baada ya wiki, kwa simu. Makao makuu yalikuwa yamefurahishwa mno na chumba cha Ifakara. Walitaka mtu aliyekitengeneza. Mtunza chumba amepandishwa cheo, atasimamia chumba kikubwa cha Dar es Salaam na kufundisha vituo vingine, aanze mwezi ujao. Alijaribu kukataa. Wakamweleza kwa upole kwamba nafasi yake ya Ifakara imeshapata mtu, kwa hiyo hakuna cha kubaki nacho.

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Aliniletea habari nyumbani, akakaa kwenye kochi langu amenyooka, akasema, "Basi nimefaulu."

Niliyekasirika ni mimi. Niliwapigia Dar. Nikawaambia mwanamke huyu ana mama mgonjwa anayekula kwa mkono wake tu. Sauti ya kijana mwenye adabu ikanijibu kwamba wanalielewa hilo, na kwamba siku hizi mtandao umeimarika, atakuwa anamwona mama kwa video. Nilikata simu kabla sijatukana. Nikatukana baadaye, jikoni, peke yangu, mpaka nikaona haya kwa majirani.

Jumamosi yake ya mwisho aliniomba tuongozane Mchombe. Alisema mama lazima aelezwe, na akieleza yeye atalia, na mama akimwona analia hatakula. Kwa hiyo nikaenda kueleza.

Mama alikuwa ameketishwa kibarazani, mto umeegemezwa upande usiofanya kazi. Binti aliingia jikoni kupika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mpima umeme?"

"Ndiye mimi."

Nikamweleza yote. Maneno yake yalikuwa mazito kutoka, lakini masikio yalikuwa mazima, na hakunikatiza. Nilipomaliza alitazama mpunga ng'ambo ya barabara, kisha akaniuliza.

"Angekuwa wa mwisho, angepelekwa wapi?"

"Dar es Salaam, mama."

"Na amekuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Anapelekwa wapi?"

"Dar es Salaam."

Akatikisa kichwa taratibu, akikubali. "Sasa mlikuwa mnapima nini?"

"Umeme, mama," nikasema.

Binti alitoka na sahani ya wali na samaki aliyechambuliwa miiba. Aliketi upande ule mzima, akaviringa tonge dogo, akalipuliza. Mama alimtazama usoni kwa muda, akajua kwamba tayari nimesema. Akafungua mdomo. Alikula sahani yote, kisha akaomba aongezewe.