Siku ya Tatu Bila Dawa

Je, kama baba mkubwa alikuwa sahihi? Swali hilo lilinikosesha usingizi, na lilinikera zaidi kwa sababu jibu lake nilikuwa nalo. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miezi saba bila heroini, kwa kunywa methadone, dawa mbadala, kliniki kila asubuhi. Mimi ndiye niliyempeleka. Nina digrii, sina kazi, na nyumbani kwetu, mtaa wa Sofu, asiye na kazi ndiye mwenye nafasi ya kuuguza.

Mashavu yake yalikuwa yameanza kurudi. Hata utani ulirudi. "Kaka, wewe hata kaburini utauliza kama wamepima vizuri," aliniambia siku moja tukiwa kwenye foleni ya dawa.

Kisha ikaja posa ya dada yetu mkubwa. Wageni wangefika Jumamosi. Jumatano mchana baba mkubwa alitoka shambani kwake Mzenga, akaitisha kikao. Hakuna aliyetaja posa. Tulizungumza afya.

"Hiyo dawa ni unga wa serikali," alisema. "Unamtoaje mtoto kwenye ulevi kwa kumlewesha? Nipeni mimi. Atalima, atatoka jasho, atakunywa kombe la maji ya aya, atapona."

Mama aliutazama mkeka. Wote wakanigeukia mimi, msomi wao. Muuguzi alikuwa amenieleza wazi: akikosa siku tatu mfululizo, hapewi tena dozi yake, anaanzishwa upya na dozi ndogo. Wengi hawakivumilii kipindi hicho. Wanarudi kijiweni, wanatumia kipimo chao cha zamani, na mwili uliokwisha kukisahau unashindwa. Wanakufa. Niliyajua hayo neno kwa neno. Nikasema, "Labda tulitafakari jambo hili kwa mapana yake."

Kwa mapana yake! Mpaka leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

"Haya, msomi," alisema mdogo wangu, aliyekuwa amekaa kando ya mama, akaenda kufunga nguo zake. Jioni ile alipelekwa Mzenga.

Ijumaa mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, alinipigia simu kutoka Mzenga kwa sauti ya chini. "Anatapika, baba. Anatetemeka, mifupa inamuuma. Nikimwambia mzee, anasema ni sumu inatoka."

Haikuwa sumu. Ilikuwa arosto, mwili unadai dawa, na kesho yake ingekuwa siku ya tatu.

Jumamosi alfajiri baba mkubwa alikuwa kwetu tayari, kanzu imepigwa pasi, akipanga viti vya wageni. Aliniona nikivaa viatu.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Mzenga. Namrudisha kliniki."

"Leo? Watu wa heshima wanakuja, wewe unatuletea teja mlangoni?"

Hapo ndipo hasira iliponitoka. Siku tatu walikuwa wakiniambia ni afya. "Kumbe mlikuwa mnamficha!" nilipiga kelele. Sikuwahi kumpandishia sauti mtu mzima maishani mwangu. "Semeni tu kwamba mnamwonea aibu!"

"Usimjibu hivyo baba yako mkubwa," mama alisema.

"Basi mjibu wewe, mama. Mtoto ni wako."

Nikatoka, nikachukua bodaboda, tukapita Mlandizi hadi Mzenga.

Nilimkuta amelala kwenye jamvi stoo, kati ya magunia ya mihogo mikavu, nguo zimelowa jasho, bakuli la kombe limejaa pembeni. Mama mkubwa alinisaidia kumwinua, akamfunga kwa khanga mgongoni kwa dereva ili asianguke, na mimi nikakaa nyuma yake nikimshikilia.

"Umechelewa, msomi," mdogo wangu alinong'ona.

"Najua. Nisamehe."

Kliniki walikuwa wanakaribia kufunga. Muuguzi aliuliza mara ya mwisho alikunywa lini, akampima, akaniangalia kwa macho makali niliyostahili, kisha akamimina dozi yake ileile. Simu yangu ilikuwa ikiita: mama, baba mkubwa, mama tena. Niliizima, nikamshikia mdogo wangu kikombe, akanywa yote.