Uchunguzi Uliomchukua Paluku

Kahawa inayoanikwa hutoa harufu ya nyasi zilizolala na maji pamoja na utamu ulioanza kuchacha. Msimu ule wa vita mji wetu wote wa Butembo ulinuka hivyo, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wamekimbia na kahawa ilijaa kila ua. Nilikuwa msichana mdogo, nikiigeuza kwa miguu mitupu katika baridi ya ukungu, askari wa kigeni walipoingia kwetu wakimwulizia Paluku. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akishona gunia, akaitika. Wakamchukua. Mama alipouliza kosa lake, mkubwa wao akajibu kwa neno la Kiingereza, "investigate", kisha akapanda gari.

Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Askari walikuwa wameambiwa kwamba Paluku fulani aliwaonyesha njia wapiganaji wa msituni, basi wakazunguka mtaa wakiokota kila aliyeitika. Fundi baiskeli, jirani yetu, akawaambia, "Afande, kila nyumba iko na Paluku yake. Mukibataka bote, mulete kamyo ingine." Watu wakacheka. Yeye naye wakampakia kwenye lori lao, maana alikuwa mzaliwa wa kwanza.

Kila asubuhi tulipeleka kambini ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, mama mbele, mimi nyuma. Sikurudi tena darasani. Askari wa langoni alipokea chakula na kusema wakubwa bado wanafanya "investigate". Waliosema kuuliza si ujinga hawakufika kwenye lango lile. Nikamuuliza, "Munachunguza namna gani? Kwetu hakuna mutu alikuja kuuliza." Akamgeukia mama: "Mama, huyu mtoto wako ana mdomo. Utamwozesha nani?" Mama akanishika mkono, tukaondoka. Palikuwa na jibu moja tu alilolitaka: mwanawe atoke.

Neno lile la Kiingereza lilinikera kama mchanga ndani ya chakula. Nikaenda kumuuliza padri wa parokia. Akaniambia limetoka katika Kilatini, na maana yake ya kale ni kufuata nyayo. Kwa Kifaransa sisi tuna ankete, akasema. Kwa Kiswahili, kuchunguza, kutazama kitu kwa karibu mpaka ukijue. Nilitoka pale nina hasira zaidi kuliko nilivyoingia. Kama maana ilikuwa kutazama kwa karibu, mbona hawakumtazama hata usoni? Jirani yeyote angewaambia kwamba siku zile wapiganaji walipoonyeshwa njia Paluku wetu alikuwa amelala na homa, asingeweza kumwongoza hata kuku. Lakini midomoni mwao neno lile lilikuwa kufuli tu.

Wale wengine waliachiwa mmoja mmoja, fundi baiskeli akiwemo. Kaka yangu, tukaambiwa, amepelekwa Beni. Tukapanda juu ya lori, tukafika tukiwa wekundu kwa vumbi. Ofisa akatusikiliza, akasema uchunguzi umefungwa. "Na mutoto?" mama akauliza. "Rudini Butembo, muulize kule." Butembo wakaturudisha Beni. Hatukumwona tena, wala kaburi lake.

Mimi nimekuwa mtu wa barabarani tangu hapo. Nimeuza mafuta ya mawese Mangina na vitenge Kamango, na sokoni kote huuliza habari za kijana mrefu mwenye kovu kidevuni. Askari wale waliondoka, wakaja wengine, watu wakazidi kuchinjwa, na kila baada ya mazishi redio hutangaza kwamba uchunguzi umeanzishwa. Zamani walituchukua bila swali. Siku hizi maswali ni mengi, tena ya upole, yanaulizwa na wachunguzi wenye viatu safi. Mmoja alikuja kwetu juzi. Mama akamtolea kiti, akamwambia, "Anza na Paluku wangu." Akamweleza yote, kutoka uani mpaka Beni. Mgeni akasikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Pole sana, mama. Lakini kazi yetu haifike mu miaka ya ile vita."

Mama alisimama mbele yake mpaka mgeni akainuka. Ndipo akakibeba kiti na kukirudisha ndani.