Mtambaapanya wa Nyumba ya Bibi

Mimi si mtu wa kununa. Wateja wangu pale saluni Korogwe wanajua, nasuka huku nacheka, nawasimulia nyumba ya ghorofa nitakayojenga siku moja, yenye baraza la kuzunguka pande zote. Lakini ukinitajia fundi aliyeezeka nyumba ya bibi yangu kule Handeni, mikono inakaza na mteja anaanza kulalamika kichwa kinamuuma.

Hasira zenyewe ni za miti miwili. Bibi anaiita mtambaapanya. Ni mti mrefu unaolazwa juu ya ukuta, pembe hadi pembe, kabla paa halijapanda. Paa linakaa juu yake na kufungwa nao, uzito unagawanyika ukuta mzima, na upepo ukitaka kulibeba paa unakuta limeshikana na nyumba yote. Panya nao hutambaa juu yake, ndiyo maana ya jina. Siku hizi husikii mtu akilitaja. Mimi nimelijua kwa sababu nililelewa katika nyumba ya udongo ya bibi, na juu ya mtambaapanya ndipo tulipochomeka kila kitu: mundu, mbegu za mahindi, hata ripoti yangu ya kidato cha pili, ambayo niliomba panya waile na hawakuila.

Nyumba ile ilipochoka, wajukuu tukasaidiana, likasimama boma la tofali za kuchoma pembeni yake. Bibi alisimamia mwenyewe kuishusha ile miti. Ni ya mninga, babu aliichonga kabla sijazaliwa, na haikuwa na tundu hata moja la mdudu. Akailaza kando ya boma, akamwonyesha fundi. "Hii inapanda tena juu."

Siku ya kuezeka nilifika na basi la asubuhi. Vibarua walikuwa wanakunywa chai. Sufuria lilikuwa bado motoni, na katikati ya kuni nikaona kipande chenye pengo lile babu alilochonga ili miti ishikane pembeni. Walikuwa wameikatakata yote miwili. Kenchi za mwanzo, zile fremu za mbao zinazobeba bati, zilishapanda, zimekaa juu ya tofali tupu.

"Shikamoo, fundi," nikasema. "Mtambaapanya wa bibi uko wapi?"

"Marahaba. Mtamba nini?" Akawageukia wenzake. "Jamani, hapa tunaombwa tuwajengee panya barabara." Wakacheka. "Bibi, hii nyumba ya kisasa. Panya wako watapanga kwingine."

Bibi alikuwa ameshika sinia la mihogo aliyowachemshia. Akaliweka chini polepole, na hapo ndipo nilipokasirika. Mtu anakula mihogo ya mwenye nyumba, anachemshia chai mti wa marehemu mume wake, halafu anamcheka uani kwake. Kutolijua neno si kosa. Angeuliza tu, bibi angemweleza kwa dakika moja.

"Haya, hizo kenchi zimekaa juu ya nini?" nikamuuliza.

"Juu ya ukuta, dada."

"Ukuta wote, au tofali moja moja?"

Nikapanda ngazi, nikasukuma kwa kiganja tofali la juu, lile lililobeba kenchi. Likacheza kama jino la mtoto.

"Mimi ni msusi," nikamwambia. "Rasta nzito ukiifunga kwenye nywele tatu, inang'oka na nywele zake. Na upepo wa huku unaujua."

"Basi nenda kasuke, sisi tuezeke."

Nilikuwa karibu kulia. Bibi ndiye aliyemaliza. Alikwenda kwenye rundo la bati, akakaza kanga, akakaa juu yake. "Mwanangu, bati hizi hazinyanyuki mpaka nione mti umelala pale juu. Mimi sina haraka. Mihogo ipo."

Jua likapanda, bati zikawaka. Nikamletea gunia la kukalia, akainua upande mmoja tu nilipitishe, kisha mwingine, asije akanyang'anywa nafasi. Fundi akalizunguka boma, akapiga simu, akanuna. Mwishowe akawasha pikipiki, akarudi mchana, nyuma yake guta limebeba mbao. Wakashusha kenchi, wakalaza mbao pembe hadi pembe, wakazifunga na ukuta kwa nondo nyembamba. Pole hakusema, hata ya mdomoni.

Paa limeshapita msimu wa upepo, halijatoa hata msumari. Nikadhani nimesamehe.

Juzi nikamsuka mama mmoja wa Kwamndolwa, anajengewa na fundi huyo huyo. "Ana akili yule," akanisifia. "Kwanza analaza mbao juu ya ukuta mzima. Anasema mtindo huo kaugundua mwenyewe."

Nikaacha kusuka. "Mtindo huo una jina, mama."

"Unaitwaje?"

Nikamwambia. Nikamtamkisha mara mbili, nywele zake nimezishika, kisha nikamtuma amwambie na fundi: ni wa bibi yangu, yule aliyemchomea miti yake kwa ajili ya chai.