Safari ya Uholanzi Kumwona Baba Yake Shirin

Sisi tuliolelewa Aston, Birmingham, miaka ile ya sabini tunajuana hata kwa pua. Mtu akitaja harufu ya siki tu, wenzangu wanaanza kutabasamu. Kiwanda cha sosi kilikuwa upande mmoja, kiwanda cha pombe upande wa pili, na upepo ukigeuka, nguo alizoanika Mama uani zilirudi ndani zikinuka achari. Choo kilikuwa nje. Bafu letu lilikuwa karai la bati mbele ya moto wa makaa, kila Jumamosi, kwa zamu, na aliyeoga mwisho alioga maji ya wenzake. Hakuna aliyekufa.

Tukitoka shuleni tulicheza rede, mchezo wa kumlenga mtu kwa mpira, barabarani mpaka tuitwe kwa majina yetu yote matatu. Rede alitufundisha Bi Mwanaidi, mzaliwa wa Tanga, muuguzi aliyefanya kazi wodi moja na Mama. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi kama mpira wenyewe. Alijifunga mtandio kiunoni juu ya sare, akasimama katikati, akatuambia tumlenge. Watoto wa Kijamaika, wa Kipunjabi na wa Kizungu wa mtaa ule wote walijua rede, na wote walilitamka neno hilo vibaya. Leo nikiwaambia wajukuu wangu watoke nje wananiuliza kuna nini huko.

Kwetu ni Taita. Baba alitangulia Birmingham mwishoni mwa miaka ya sitini, akapata kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, kisha Mama akafuata akiwa amenishika mkono. Nyumba iliyopakana na yetu ilikaa tupu muda mrefu, hadi majira ya baridi yale Wahindi walipofukuzwa Uganda. Siku moja tukaona mwanamke na mtoto wa kike wakishusha masanduku mawili. Mama alichukua blanketi na sufuria ya maharagwe, akaenda akasimama mlangoni kwao na kusema, "Hodi hapa." Yule mwanamke alifungua, akasikia neno hilo, akaanza kulia. Alikuwa ametoka Jinja. Tangu siku ile yeye akawa Mama Shirin, na Shirin, aliyekuwa na miaka tisa kama mimi, akawa pacha wangu.

Walikuja wawili tu, na watu wazima hawakuuliza sana. Mama Shirin alikuwa na pasipoti ya Kiingereza. Mumewe alikuwa amechukua uraia wa Uganda, na siku za mwisho maofisa wa Uganda wakazikataa karatasi zake, akabaki si mtu wa nchi yoyote. Uingereza haikumtaka. Uholanzi ilimpokea, ikampa kazi kwenye mashamba ya maua. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba Shirin aliwaambia wenzetu darasani baba yake amekufa. Aliniambia mimi ukweli tukiwa tumejificha nyuma ya banda la makaa. "Ukisema amekufa, wanaacha kuuliza," alisema. Niliona ni akili kubwa.

Wazo la safari lilikuwa la Bi Mwanaidi. Mwaka uliofuata, siku moja alikuja kwetu na kalenda yenye picha ya kinu cha upepo, akaiweka mezani katikati ya vikombe vya chai. "Nimechoka kuitazama Uingereza peke yake," alisema. "Pasaka hii twende Uholanzi tukaone maua." Mama alimtazama Mama Shirin, Mama Shirin akatazama chini. Sisi watoto tulisikia maua tu. Baba aliazima basi dogo la kanisa la Wajamaika, akakagua injini siku tatu, na wiki nzima alitembea nyumbani akijisemea, "Kulia. Kule watu wanaendesha upande wa kulia."

Ndani ya meli, tukila mayai ya kuchemsha tuliyobeba kutoka nyumbani, Mama alinivuta pembeni. "Tunakwenda kutembea, ndiyo, lakini tunakwenda pia kumwona baba yake Shirin. Mama yake anamwambia sasa hivi. Wewe kazi yako ni kufunga mdomo." Niligeuka kumtazama Shirin. Mama yake alikuwa ameinama akimnong'oneza. Shirin aliendelea kumenya yai lake, akaondoa maganda yote, hata yale madogo kabisa, kisha akalila.

Baba Shirin alitungoja bandarini. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, ndani ya koti lililomzidi, na mkononi ameshika shada la maua ya manjano. Mama Shirin alimwendea polepole, akasimama hatua moja mbele yake, akamrekebisha kola ya koti. Hawakukumbatiana mbele yetu. Kisha mumewe akapiga goti moja mbele ya Shirin. Shirin alimpa mkono, akamsalimu kwa Kiingereza cha Birmingham kama anavyosalimiwa mkaguzi wa shule, akarudi kukaa kando yangu kwenye basi. Baba yangu alikohoa, akasema ni vizuri tuanze safari kabla magari hayajawa mengi.

Siku sita zile ninazikumbuka kuliko miaka mingine mizima. Tulilala kwenye dari la ghala la mama mjane aliyempangishia Baba Shirin chumba, karibu na mashamba ya maua. Asubuhi ya kwanza nilifungua kidirisha nikadhani macho yananidanganya. Nje kulikuwa na vipande vya rangi vilivyonyooka kama vimekatwa kwa mkasi, chekundu, cha manjano, cheupe, cha zambarau, mpaka ardhi ilipogusana na mbingu. Harufu yake ilikuwa tamu hata ikaumiza kichwa. Kifungua kinywa kilikuwa mkate wenye siagi iliyonyunyiziwa chembe za chokoleti. Mimi na Shirin tulikula haraka, tukiamini yule mama amekosea na atatunyang'anya akigundua.

Baba Shirin ndiye alikuwa kiongozi wetu. Kule Jinja alikuwa na duka la vitambaa na gari lenye dereva. Hapa alikuwa na baiskeli nyeusi na viatu vya mbao, na Kiholanzi alichokokota kama mkokoteni, lakini kilifika. Bi Mwanaidi alivitazama vile viatu kwa furaha. "Mitalawanda hiyo, bwana. Bibi yangu alivaa hiyohiyo akienda kuoga." Baba Shirin alitupeleka Delft tukaona vigae vya buluu, kila kimoja na picha yake ndogo, mvuvi, mbwa, mtoto anayeanguka. Alitupeleka Leiden, tukatembea kando ya mifereji, na Bi Mwanaidi akanunua samaki wa chumvi asiyepikwa, akatoa pilipili na ndimu mkobani, akamla amesimama, Waholanzi wakimtazama kwa heshima. Shambani tulipanda juu ya tuta la kuzuia maji. Upande mmoja kulikuwa na ng'ombe, upande wa pili mashua, na mashua zilikuwa juu kuliko ng'ombe. Baba alitazama huku na huku muda mrefu. "Kwa hiyo hapa tulipolala," aliuliza, "maji yako juu yetu?" Usiku ule alilala na viatu karibu.

Safari nzima Mama alikaa kando ya Baba, akimwita kwa jina langu, "Kulia, Baba Wakesho, kulia," kwa sauti ileile aliyotumia kuongoza sala.

Lakini Shirin hakuzungumza na baba yake. Akiulizwa alijibu ndiyo au hapana, kwa Kiingereza. Akipewa kitu alishukuru. Baba yake hakumlazimisha. Alimnunulia kigae chenye picha ya ndege, Shirin akakitia mfukoni bila kukitazama. Nilimwona Mama Shirin akigeuza uso dirishani.

Siku ya tano, Ijumaa, tulikwenda Alkmaar kwenye soko la jibini. Wanaume waliovaa nguo nyeupe na kofia za majani walikimbia wawili wawili, wakiwa wamebeba jibini za mviringo, za manjano kama mwezi, juu ya machela zilizoning'inia mabegani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Shirin alikuwa mbele na mama yake. Mimi nilisimama na Baba Shirin, ambaye alikuwa amenipandisha juu ya ukuta mfupi ili nione. Sijui ni kitu gani kilichonishika. Nadhani nilitaka kuonekana ninajua mambo. Nilimwambia, "Baba Shirin, unajua shuleni kwetu wewe umekufa?"

Alinitazama. "Nani amesema?"

Hapo nilielewa nilichofanya, nami nikamtazama Shirin kule mbele, na macho yangu yakawa jibu. Watu walishangilia, machela nyingine ikapita. Baba Shirin alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena. Kisha akatoa kicheko kifupi kisichokuwa na sauti. "Basi mimi ni maiti mwenye baiskeli," alisema. Akanishusha chini taratibu. "Usimwambie kuwa umeniambia. Na usimkasirikie. Mtoto aseme nini? Mimi mwenyewe nikiulizwa kwetu ni wapi, hapa, nasema uongo kila siku."

Nilijua nitapigwa Mama akijua. Sikupigwa, maana Baba Shirin hakumwambia mtu. Njiani kurudi nilikaa kiti cha nyuma, mbali na Shirin.

Jioni ile jua lilikuwa bado halijatua Baba Shirin alipotufukuza sote jikoni kwa yule mama mjane. Alikuwa amepanda baiskeli mpaka mjini, kwenye duka la Wasuriname, watu wa koloni la Waholanzi ambao nao hula muhogo, akarudi nao. Muhogo, Uholanzi. Tulisikia kisu, kisha mafuta, kisha ikaja harufu iliyomfanya Bi Mwanaidi asimame na kukaa tena. Baba Shirin aliuleta mezani kwenye sinia, vipande virefu vya dhahabu, vimepasuliwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga, ndimu kando, kama ulivyouzwa pembeni mwa barabara kule Jinja mtu akitoka shule.

Tulikula. Yeye hakula. Alisimama na taulo begani akimtazama Shirin, ambaye alichukua kipande, akakivunja, akatafuna polepole. Nilimwona akifunga macho. Alichukua kipande cha pili. Halafu akainua uso na kusema, kwa Kiswahili ambacho hakuwa amekisema wiki nzima, "Papa, ndimu haitoshi."

Baba yake alirudi jikoni. Alikaa huko zaidi ya muda unaohitajika kukata ndimu. Alipotoka alikuwa nazo mbili, na macho mekundu, akajitetea kwamba ni pilipili. Alikaa kando ya Shirin. Shirin alizikamua mwenyewe, akaanza kumweleza kwamba Birmingham muhogo haupatikani ila kwa Mjamaika mmoja, na ule ni mkavu, na mama yake hajui kuukaanga. Mama Shirin alisema, "Ehe, nisemeni tu," na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sauti.

Kesho yake asubuhi Shirin alijifunza kupanda baiskeli njia nzima ya shambani, baba yake akikimbia nyuma amevishika viatu vya mbao mkononi. Bandarini hakukuwa na namna. Yeye alibaki upande ule wa uzio, sisi tukaingia melini. Shirin alilia mpaka akatapika, nami nilimshika nywele. Mama aliniambia kilio kile kilikuwa cha afya, na kwa kuwa alikuwa muuguzi nilimwamini.

Tuliporudi shule, mwalimu alitutaka tueleze likizo. Shirin alisimama akasema alikwenda Uholanzi kumwona baba yake. Darasa zima likageuka. "Si alikufa?" mtu akauliza. "Amepona," Shirin alijibu, akakaa.

Miezi ikapita, sheria ikalegezwa, na akina baba waliokwama nje wakaanza kuruhusiwa. Baba Shirin alifika kituo cha mabasi cha Digbeth siku ya mvua, na koti lilelile. Baba alimtafutia kazi kiwandani kwake, naye akaichukia, akaifanya miaka ishirini. Baadaye alikodi kiploti cha bustani huko Perry Barr, akawa analima vitunguu na maua, na kila mwezi wa nne aligombana na majirani wa Kiingereza kuhusu namna sahihi ya kuzika mizizi. Alifariki mzee, katika kitanda chake, Shirin akiwa kando. Mimi na Shirin bado tunapigiana simu kila Jumapili.

Mjukuu wangu alikwenda Uholanzi na marafiki zake mwezi uliopita. Waliondoka Ijumaa baada ya kazi, wakarudi Jumapili kabla ya chakula cha jioni. Ndege inachukua muda mfupi kuliko Baba alivyochukua kuvuka mzunguko wa barabara wa kwanza. Alinionyesha picha kwenye simu, nyingi kiasi kwamba kidole chake kilichoka, na karibu zote zilikuwa za uso wake mwenyewe, kinu cha upepo kikichungulia nyuma ya sikio. Nilimuuliza alizungumza na nani huko. Alifikiri, akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba hawakuhitaji kuzungumza na mtu, simu ilijua njia.

Simlaumu. Ni mtoto mzuri, na aliniletea jibini. Ila siku ile alipoondoka kwenda kulala, niliona pasipoti yake ameiacha mezani, juu yake kikombe cha chai kimeacha duara. Mama Shirin, pasipoti yake aliifunga kwenye kitambaa cha hariri, akaifungia sandukuni, na ufunguo akaulalia. Niliifuta ile ya mjukuu wangu kwa kiganja, nikaipeleka mahali pakavu.